Debe la Kona ya Saba

S.L.P. 71,
Tabora.
19 Mei, 1968

Dada Veneranda,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumatano, imelowa pembeni kana kwamba ilikuja kwa kuogelea kutoka huko Songea. Mama hajambo. Goti linamsumbua, lakini halimzuii kupanda treni kutoka Kigwa kuja kuniuliza nitaoa lini. Mizinga aliyoacha marehemu baba imejaa mwaka huu kuliko miaka yote. Msalimie shemeji Eustace, na umwambie mpwa wangu kwamba mjomba anasubiri kuambiwa jina lake.

Habari ya asali nimemsomea mama mara mbili. Anasema mjukuu wa kiume hawezi kubatizwa kwa sukari ya dukani, kwa hiyo utapata debe zima. Kikwazo ni kimoja. Katibu wa ushirika pale Kigwa ametangaza kuwa asali yote ya msimu ipitie kwake, na atakayesafirisha ya kwake pembeni ataitwa mlanguzi mbele ya mkutano. Mama anasema nyuki wake hawakualikwa kwenye huo mkutano. Basi ataileta hapa gereji, nasi tutajua pa kuificha mpaka lori la Mbeya lipite.

Sasa nikueleze langu. Unalikumbuka lile gari dogo la kijani lisilo na paa, MG, ambalo mzungu wa idara ya maji alilileta kwa mzee Sultanali, mwenye gereji hii, kabla ya Uhuru, akaondoka asirudi? Mimi na Amir, mwanawe Sultanali, tumelifufua. Imetuchukua miaka miwili. Viti nimevishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi. Siku ya Saba Saba kuna mashindano kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, njia ya kwenda Kwihara. Si kufukuzana barabarani, usianze kusali. Gari linaingia moja moja, linazunguka madebe matupu yaliyopakwa chokaa, kona kumi na mbili, na mtu ameshika saa. Ukigusa debe unaongezewa sekunde tano. Wanakuja wenye Triumph mbili kutoka Mwanza na daktari mmoja wa Shinyanga mwenye Austin-Healey.

Kupanga madebe uwanjani ni kazi yangu, sikubali mtu mwingine aguse. Kisha kila dereva anaruhusiwa kuipita njia kwa miguu mara moja. Amir hulipiga kila debe teke, anasema anayasalimu. Mwaka jana aliendesha yeye. Mwaka huu ni zamu yangu, tumepeana mkono mbele ya mzee Mfaume, mlinzi wa gereji. Fikiria, dada: kati ya wote watakaoshika usukani siku hiyo, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kulala chini ya gari.

Mdogo wako,
Modest


Songea,
9 Juni, 1968

Modest mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mvua za huku zimemwachia Eustace kikohozi kisichotaka kuondoka. Mtoto ni Tobias, jina la baba. Nilitaka mama awe wa kwanza kulisikia, kwa hiyo msomee hapa kabla hujaendelea na upuuzi wako.

Ubatizo ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Wakwe zangu wamealika ukoo mzima, nami nimeshajisifu sana. Nimewaambia Wangoni hawa kwamba hawajawahi kuonja asali maishani, wanachokula ni maji yenye rangi. Sasa siwezi kurudi nyuma. Debe lifike, Modest, hata kama katibu wa ushirika amelala juu ya reli. Na barua hii usimsomee mtu mwingine hapo gereji.

Kuhusu gari, nimeshtuka. Nchi nzima inaambiwa ishike jembe, wewe unazunguka madebe. Debe tupu haliachi kuvuma, na wewe umekwenda kutafuta kumi na mawili. Eustace amecheka mpaka chai imemwagika. Anasema babu yetu alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kwa miguu yake, na mjukuu naye anakwenda mbio bila kufika popote.

Mimi sikucheka. Kupeana mkono na mwana wa tajiri mbele ya mlinzi si mkataba. Siku ikikaribia utaambiwa mzee amekataa, nawe utarudi chini ya gari. Hilo silo ninaloliogopa. Naogopa jinsi unavyonyamaza ukivunjiwa neno. Mwaka ule nilipopewa mimi baiskeli uliyoahidiwa wewe, ulisema haidhuru, ukanisaidia hata kuifuta vumbi. Kesho yake nikakuta matairi yote mawili yametobolewa kwa msumari. Nilikuwa na miaka kumi na sita, wewe tisa. Sikumwambia baba.

Dada yako,
Veneranda


Tabora,
11 Julai, 1968

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Jina la Tobias amelipokea kwa machozi. Uniwie radhi kwa mwandiko, mkono wa kulia umevimba. Nimeumwa na nyuki kumi na saba, mama ameitoa miiba akihesabu.

Gari limepinduka, na Amir alikuwa ndani.

Aliendesha yeye. Ijumaa jioni alikuja kuniambia mzee wake amekataa, kwamba wageni wa Mwanza wangedhani gereji haina mwenyewe. Aliona haya, hakunitazama. Nikamwambia haidhuru.

Kona zote sita za kwanza alipita vizuri kuliko mtu yeyote siku ile. Ya saba huwa anaipita kwa kuteleza, anaachia mkia wa gari uende wenyewe, tairi la nyuma linalipapasa debe na debe linabaki limesimama. Watu hupiga makofi. Safari hii mkia ulikwenda mbali kidogo, akaligonga. Lingekuwa tupu lingeruka, watu wangecheka, angeongezewa sekunde tano, basi. Halikuruka. Lilikuwa limejaa asali. Gari lilipanda juu yake kwa upande mmoja, likageuka, likalala kifudifudi naye yuko chini.

Watu mia tatu walisimama wote kwa pamoja. Magurudumu yalikuwa yanazunguka yakitazama juu. Debe lilipasuka na asali ikamwagika juu ya gari na juu ya Amir, kichwani, shingoni. Tulikuwa tunakimbia kwenda kumtoa nilipowaona nyuki wa kwanza, watano au sita. Nikajua kinachokuja. Unajua kiangazi hiki kila mti wa upande ule una mzinga. Hatukufika hatua ishirini wakatufikia. Watu wakarudi wote, wengine wakakanyagana. Amir akaanza kupiga kelele.

Aliyeingia ni mzee Mfaume. Alijifunika gunia, akawasha gunia jingine, akaliweka upande upepo unakotoka ili moshi umtangulie. Petroli ilikuwa inavuja na yeye ana moto. Akaita mtu mmoja wa kuinua gari. Nikaenda mimi. Niliinua, yeye akamvuta Amir kwa makwapa. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka kisivyo.

Amir yuko hospitali. Askari wanauliza asali ilifikaje kiwanjani. Mkono unauma, naishia hapa.

Modest


Songea,
28 Julai, 1968

Modest,

Marahaba. Tobias anakua, Eustace bado anakohoa. Salamu nyingine zitangoja.

Barua yako niliifungua mlangoni mwa darasa la tatu. Watoto waliniuliza, mwalimu unaumwa? Nilikuwa nimeegemea ukuta, chaki imenivunjikia mkononi. Amir huyu ninayemfahamu mimi? Yule aliyekuja kwenye msiba wa baba, akakaa chini mkekani siku tatu, akala ugali nasi na kunawa bakuli moja na wajomba? Tangu siku hiyo nikifumba macho nawasikia hao nyuki. Mwambie mama yake, Dolatbai, namwombea mwanawe kila jioni.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilishangaa. Mara ya tatu nilianza kutafuta kitu ambacho hukukiandika. Umeniandikia idadi ya nyuki. Umeniandikia gunia na upepo. Hukuniandikia debe langu liko wapi. Lori la Mbeya limeshapita, na yule mtu wa kunipokelea mzigo Njombe anasema hakuletewa kitu.

Ni debe langu? Nijibu kwa neno moja, sihitaji barua.

Veneranda


Tabora,
9 Agosti, 1968

Dada Veneranda,

Shikamoo. Ndiyo.

Mama alilileta Ijumaa asubuhi kwa treni, amelifunika majani ya viazi. Gereji haina pa kuficha kitu. Nikalipaka chokaa, nikalipanga stoo katikati ya yale kumi na matano ya mashindano, kumi na mawili ya kona na matatu ya akiba. Nikajicheka kwa ujanja. Mkaguzi angeweza kusimama mbele yake akauliza saa ngapi. Lori lilikuwa lipite Jumatatu. Lakini Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya Saba Saba, kabla sijafika, mzee Mfaume akayapakia yote kwenye mkokoteni, akayapeleka uwanjani. Moja lilimlemea. Akadhani vijana wametia mchanga kwa ajili ya upepo.

Hivyo ndivyo alivyowaeleza askari, nao wamemweka ndani. Leo ni wiki ya nne. Wanasema mlinzi apakie debe zito bila kuuliza, ana lake jambo. Na wanasema mtu mwenye gunia na kiberiti tayari alijua kwamba nyuki watakuja. Umeona, dada? Alivyomwokoa Amir ndivyo walivyomkamatia. Mkewe anakuja gereji kila asubuhi, anakaa kwenye kibao alichokuwa anakaa mumewe, haulizi kitu, jioni anakwenda zake.

Nikisema asali ni ya nani, mama atasimamishwa Kigwa mbele ya watu, aitwe mlanguzi, na huenda aitwe na jambo kubwa zaidi, maana mtu ameumia. Mama mwenyewe haulizi. Tangu Saba Saba hajanitajia lori.

Mguu wa Amir umekatwa chini ya goti, tarehe 30 Julai. Sijakwenda kumwona. Dolatbai hupita akinipa chapati zilizofungwa kitambaa, ananiambia, "Amir anauliza mbona Modest haji." Namwambia kazi zimezidi. Kazi hazipo. Naifungua MG naifunga tena.

Modest


Songea,
24 Agosti, 1968

Modest,

Marahaba. Ubatizo ulipita kwa sukari ya dukani. Watu walikula, wakacheza, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza asali iko wapi. Nimelitafakari hilo sana. Mguu wa mtu umekwenda kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Nitakuambia jambo ambalo mwalimu hapaswi kuliandika. Barua yangu ya Juni ichome. Ina mwandiko wangu, imesema debe lifike hata kama katibu amelala juu ya reli. Jina la Eustace liko wilayani, anatarajiwa kupewa shule aiongoze. Ikisomwa hiyo barua, basi. Mzee Mfaume hawana ushahidi naye. Watamshikilia, watachoka, watamwachia. Ni mtu mzima, atavumilia.

Jumapili, 25 Agosti

Bahasha sikuifunga. Nimetoka kanisani, nimesoma nilichoandika jana, na nimejishtukia mimi mwenyewe. Atavumilia. Mimi niliandika neno hilo, niliyefundishwa na baba yule yule aliyekufundisha wewe. Nimetaka kuikata karatasi nikaona heri uione, ujue kwamba hofu haikukupata wewe peke yako.

Usiichome. Ipeleke kituoni ikiwa itamtoa mzee wa watu.

Lakini kuna swali moja. Leo nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Ya Mei inasema kupanga madebe uwanjani ni kazi yako, na hukubali mtu mwingine aguse. Basi Mfaume alilishusha tu kwenye mkokoteni. Kati ya madebe kumi na sita na kona kumi na mbili, nani alilibeba lile moja mpaka kona ya saba, kona ambayo Amir huipapasa?

Naikumbuka baiskeli, Modest. Nijibu.

Veneranda


Tabora,
17 Septemba, 1968

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, na sasa utasikia jinsi asivyo na jambo.

Jumatatu ya juma lililopita alishuka kwenye treni, hakupita gereji. Alikwenda moja kwa moja kituoni. Kumbe habari ya mzee Mfaume alikuwa ameipata kwa wauza viazi wa kwenye behewa. Akamwambia mkuu wa kituo, "Asali ni yangu. Nilikuwa nampelekea mjukuu wangu Songea. Ushirika sikuwaambia. Andika." Wakamuuliza nani alilipeleka debe uwanjani. Akasema yeye anajua kutia asali kwenye debe, ya uwanjani hayajui. Niliitwa nije nimchukue. Nilimkuta kwenye benchi, viatu amevivua, ameviweka kando kama yuko nyumbani. Hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, mimi nimesema yangu," akaanza kuvaa viatu.

Swali lako nilikuwa nalo mfukoni siku hiyo, limefika Jumamosi. Sasa nakujibu.

Ni mimi. Nilifika uwanjani nikakuta madebe yameshushwa, na lile nililijua kwa nta ya mama kwenye mfuniko. Ningeweza kulirudisha, mkokoteni ulikuwa bado pale. Nililibeba kwa mikono miwili mpaka kona ya saba. Nilitaka achubue gari. Nilitaka asimame katikati ya uwanja wageni wa Mwanza wamcheke, ashuke, aangalie bati lililobonyea, ajue ninavyojisikia. Mguu sikuutaka. Nyuki sikuwafikiria, mimi mtoto wa mrina asali, utaniamini? Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliona chokaa tu.

Hata hilo si lote. Amir alikuja akiipita njia kwa miguu, analipiga kila debe teke kama kawaida yake. Nikamwona anatoka la tano, anafika la sita. Teke moja tu kwenye la saba angejua. Basi nikalikalia. Nilikaa juu yake kama mtu aliyechoka. Akafika, tukasalimiana. Aliniomba radhi tena kwa habari ya zamu, akasema mwakani hata mzee akikataa ataniachia usukani katikati ya uwanja. Nikamwambia haidhuru. Akapita, akalipiga teke la nane.

Nilimpeleka mama kwa mke wa Mfaume, kisha nikaenda hospitali kabla ya kurudi kituoni. Nilitaka Amir aisikie kwangu, si kwa askari. Baadaye niliyaeleza yote kituoni, nikatia sahihi. Mzee Mfaume alitoka jioni ile ile, yuko kwake Gongoni. Alinipa mkono, nikashindwa kuutazama. Barua yako ya Juni sikuitoa wala sikuichoma, haikuhitajika tena. Katibu wa ushirika atamwita mama mkutanoni, na mama ameshachagua kitenge cha kuvaa. Mimi nimeambiwa nirudi kesho asubuhi na nguo za kubadili. Sijui ni muda gani.

Lakini nataka ujue aliyoyasema Amir, maana sina mwingine wa kumwambia.

Alikuwa ameegemea mito. Uso umeshapona, ila jicho moja halifunguki vizuri. Shuka lilikuwa limelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa, nami nilizungumza nikilitazama hilo shuka. Nilimwambia yote, debe, nta, kona, na kukalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama yake alikuwa mlangoni na chai, akasimama hapo hapo.

Amir akasema, "Debe tupu ukilikalia linabonyea, Modest. Linalia. Wewe ulikaa na uzito wako wote na halikulia."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

Akasema, "Nililisikia halikulia. Nikataka kukuambia unyanyuke nilipige. Halafu nikasema moyoni, huyu ni Modest. Ndiyo maana sikupunguza mwendo."

Akageukia dirishani. Dolatbai akanipa ile chai, nami nikaipokea, nikainywa yote mbele yao kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mdogo wako,
Modest